Picha ya Arobaini na Moja

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, Inspekta Nelvine Chepchirchir alishuka kwenye Land Cruiser ya kituo mbele ya ofisi ya kumbukumbu ya Hospitali za Nyanda za Chai. Mkononi alikuwa na bahasha yenye amri ya korti. Saa tano kamili Obure angesimamishwa mbele ya hakimu, na kiongozi wa mashtaka alikuwa ameshasema ataomba siku kumi na nne zaidi za kumzuilia kwa tuhuma za mauaji.

Mauaji bila maiti. Hilo ndilo lililomkosesha Nelvine raha.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Alhamisi alfajiri Kipngeno, mkulima wa chai katika kijiji kimoja kilicho juu ya Kaplong, aliondoka nyumbani kwenda kupogoa chai na jirani yake Obure. Hakurudi. Mkewe Chelangat, ambaye alikuwa amelala kwa mamake Kiptere, alifika jioni na kumkuta Obure akimngoja langoni na habari ya ajabu: kwamba Kipngeno aliteleza bondeni, akaumia vibaya, na dereva mmoja asiyejulikana akamchukua. Chelangat alizunguka hospitali zote za karibu usiku ule, asimpate. Ijumaa alikwenda polisi. Polisi walipata damu kwenye mawe ya kijito, wakapata gambuti moja la mguu wa kulia, na kwa Obure wakapata koti lililofuliwa likiwa bado linachuruzika maji kambani. Tena watu wengi walikuwa wamewaona wawili hao wakigombana Jumatano kwenye kituo cha kununulia majani, kwa sababu ng'ombe wa Obure alikuwa ameingia katika mahindi ya Kipngeno.

Na Obure alikuwa mtu wa kutoka Kisii. Alikuwa ameishi kijijini pale miaka ishirini na miwili, lakini Ijumaa ile hakuna aliyekumbuka hiyo miaka.

Nelvine alikuwa amemhoji Jumapili, baada ya ibada.

"Gari ilikuwa ya aina gani?"

"Pikapu nyeupe. Nyuma imejaa magunia ya mbegu ya viazi."

"Nambari?"

"Afande, nilikuwa nimebeba mtu mgongoni. Sikuangalia nambari."

"Kwa nini hukuenda naye?"

"Mbele kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja."

"Dereva alisema anampeleka wapi?"

"Alisema, 'Nampeleka kwa dada yangu.' Akatia gia, akaenda."

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo alicheka. Nani humpeleka majeruhi nyumbani kwa dada yake? Nelvine hakucheka. Kwa maoni yake, mwongo angetaja hospitali. Mwongo huchagua jambo linaloingia akilini, na hili halikuingia.

"Jumatano mligombana, Alhamisi mkaenda kazi pamoja. Hiyo inawezekanaje?"

"Watu waliona tukigombana. Hawakuona tukisalimiana."

"Na koti? Kwa nini ulifua koti?"

Obure alimtazama kana kwamba swali lenyewe lilimchosha. "Kwa sababu niko na koti moja."

Jibu hilo ndilo lililomfanya Nelvine aende kumgongea hakimu nyumbani Jumapili ile ile na kumwomba amri. Hospitali za Nyanda za Chai zilikuwa sita, zimetapakaa kuanzia Kiptere hadi karibu na Mulot, na zote zilitumia mfumo mmoja wa kompyuta. Makarani wa zote sita walikuwa wameulizwa kwa simu. Wote waliandika jina la Kipngeno kwenye skrini ile ile, na wote wakajibu: hayuko.

Ndani ya ofisi alimkuta Metrine, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ndiye aliyesimamia takwimu za hospitali zote sita. Alikuwa ameshawasha mashine na kumimina vikombe viwili vya strungi, chai isiyo na maziwa.

"Asante kwa kuja mapema," Nelvine alisema.

"Ulisema kuna mtu ndani. Ningelala vipi?"

Metrine alisoma amri ya korti mstari kwa mstari, akapiga nakala, akaandika saa. Kisha akafungua programu waliyoiita Darubini, iliyochukua takwimu za hospitali na kuzichora kwa rangi. Akaandika jina. Majibu matatu yakatokea. La tatu lilimfanya Nelvine avute kiti karibu: Kipngeno, mwanamume, miaka arobaini na sita, amelazwa Alhamisi, Kiptere.

"Jana waliniambia hayuko!"

"Labda walitafuta na majina mawili. Huyu ameandikwa moja."

Nelvine alipiga simu wodini. Walipokea mara ya nne. Ndiyo, Kipngeno yuko. Ana nimonia. Yuko na mke wake na watoto watatu, na mke anauliza polisi wanamtakia nini. Picha aliyoomba ilipoingia kwenye simu, uso ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, mwembamba, mwenye ndevu. Nelvine aliomba msamaha, akamtakia mgonjwa nafuu, akakata. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwenda.

"Achana na jina," alisema. "Nionyeshe Alhamisi nzima. Hesabu tu, bila majina."

Metrine akaita dashibodi ya Alhamisi. Waliofika dharura, waliojifungua, waliolazwa, waliochomwa sindano ya pepopunda. Nelvine alipitisha kidole chini ya kila mchoro bila kugusa kioo. Akafika chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Hapa wagonjwa waliotumwa eksirei ni arobaini."

"Ndiyo."

"Na hapa watu waliopigwa picha ni arobaini na moja."

"Mmoja amepigwa mara mbili."

"Haisemi picha. Inasema watu."

Metrine aliweka kikombe chini. "Hiyo ya kwanza inatoka kwa jedwali la wagonjwa," alisema polepole. "Hiyo ya pili inatoka kwa rejista ya chumba cha eksirei. Ni vitu viwili tofauti."

"Basi chumba cha eksirei kimemwona mtu ambaye jedwali la wagonjwa halimjui."

"Inaweza kuwa makosa ya kuandika."

"Inaweza. Tumwangalie."

Metrine aliufungua mchoro, akashuka hadi mstari wa arobaini na moja. Hapakuwa na jina. Sehemu ya hospitali ilikuwa tupu. Kulikuwa na sehemu ya mwili, fuvu na taya, na nambari ya mgonjwa: D-0312.

"Hii D ni nini?" Nelvine aliuliza.

"Sijui. Wagonjwa wetu wote huanza na W." Aliitafuta nambari ile. Hakuna. Akaitafuta tena bila kistari. Hakuna. "Madam, kama kuna nambari za D, basi kuna mahali zimeandikwa. Kuna jedwali lingine ambalo mimi silioni."

"Nani analiona?"

"Aliyejenga mfumo alienda Ulaya miaka mitatu iliyopita. Hakuacha hata karatasi moja. Mimi nilipewa Darubini na michoro yake, basi." Alijikuna shingoni akiwaza, halafu akaivuta kibodi. "Lakini Darubini yenyewe lazima ijue. Hii skrini ni kama kaunta ya duka, unaona tu kile kimepangwa mbele. Darubini ina API. Hiyo ni kama kuita mwenye duka kando na kumwuliza, stoo uko na nini? Nikiiandikia ombi vizuri, itanitajia majedwali yote inayofikia, hata yale hayajawahi kuchorwa."

"Na hiyo inaruhusiwa?"

"Kwa ufunguo wa ofisi, inaruhusiwa. Ufunguo niko nao."

Wakati Metrine akiandika, Nelvine alitoka hadi ukumbini kupiga simu. Ni hospitali mbili tu kati ya sita zilizokuwa na mashine ya eksirei. Ya Kiptere walipokea na kusema kwamba hawana nambari yoyote ya D kwenye rejista yao. Ya pili iliita hadi ikakatika. Alijaribu tena, na tena.

Aliporudi alimkuta Metrine ameshika kichwa. Kwenye skrini nyeusi kulikuwa na mstari mmoja mfupi wenye nambari 401.

"Imekataa. Ufunguo umekwisha muda tangu Desemba. Anayeweza kuufanya upya ni Bwana Onyiego, mkubwa wangu, na yuko mkutanoni Kericho."

"Mpigie."

Onyiego alinong'ona kama mtu aliyeinama chini ya meza. Hapana, hawezi. Amri ya korti ni ya ripoti za kawaida, mambo ya API ni mambo mengine, lazima wanasheria waangalie kwanza. Nelvine aliomba apewe simu.

"Bwana Onyiego, habari ya asubuhi. Naitwa Inspekta Chepchirchir. Nakusomea maneno ya hakimu jinsi yalivyo: 'kumbukumbu zote za wagonjwa waliopokelewa kuanzia Alhamisi, mahali popote zilipohifadhiwa katika mfumo.' Popote. Nakala tumekuachia. Metrine ataandika kila ombi analotuma na saa aliyotuma, na mimi nitaweka sahihi."

Kwa mbali mtu alikuwa akisoma ajenda.

"Kila ombi?"

"Kila moja."

"Nipeni dakika mbili."

Alichukua nne. Lakini ufunguo mpya ulipoingia, Nelvine alimwandikia ujumbe wa shukrani kabla hajafanya jambo lolote jingine. Saa nne kasorobo.

Metrine alituma ombi la kwanza: hifadhidata gani ziko? Jibu lilirudi likiwa limejaa mabano na alama za nukuu, lakini Metrine alilisoma kama barua. Ziko tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mifano iliyokuja na programu. Ya tatu ilikuwa ya zamani, imezimwa. Ya pili ndiyo hai. Akatuma ombi la pili: hifadhidata ya pili ina majedwali gani? Maandishi yakamiminika hadi chini ya skrini. Metrine akayapanga, akayachapa, akamkabidhi Nelvine karatasi yenye joto.

"Majedwali ishirini na sita. Michoro yangu inatumia kumi na saba."

"Yabaki tisa." Nelvine alichukua kalamu. "Nisomee."

Matatu yalikuwa ya wafanyakazi na zamu zao. Akayakata. Matatu mengine yalikuwa ya akiba ya dawa. Akayakata. Moja lilikuwa la majaribio, halina hata mstari. Yakabaki mawili. La kwanza liliitwa muda_dharura, na la pili mochari.

Nje, mashine ya kukatia nyasi ilinguruma, ikazimwa.

"Tuanze na lipi?" Metrine aliuliza.

"Mochari."

Metrine alituma ombi akiuma mdomo. Alhamisi ile alikuwa ameingizwa mwanamume mmoja. Nelvine alijikuta amesimama. Miaka sabini na minane, ana jina, amechukuliwa na wanawe Jumamosi. Akakaa.

"Pumzika kwa amani, mzee," Metrine alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa lile lingine."

"Kwanza niulize lina sehemu gani." Ombi jingine, jibu jingine. Nambari, jinsia, umri wa kukadiria, majeraha, vitu alivyokuja navyo, hospitali, hali. "Madam, unaona? Hakuna sehemu ya jina. Hakuna kitambulisho. Nafikiri mgonjwa wa dharura akikosa kitambulisho, mfumo unamweka hapa kwa muda. Akishapata jina anahamishwa kwa jedwali la wagonjwa."

"Na asipopata?"

"Anabaki hapa." Metrine aligeuka kumtazama. "Na hakuna mtu anamwona."

"Mtafute wa D-0312."

Mstari mmoja ulitokea. Metrine aliusoma kwa sauti. Mwanamume. Miaka kati ya arobaini na hamsini. Taya limevunjika, mkono wa kulia umevunjika, jeraha kichwani. Hana simu. Ameletwa na dereva wa pikapu. Vitu: suruali, fulana ya kijani, gambuti moja, mguu wa kushoto. Hospitali ya sita. Hali: amelazwa.

"Rudia hiyo ya gambuti," Nelvine alisema.

"Gambuti moja, mguu wa kushoto."

La kulia lilikuwa kituoni ndani ya mfuko wa nailoni, likiwa na lebo ya ushahidi wa mauaji.

"Ya sita iko wapi?"

"Barabara ya Narok. Ukipita Mulot kidogo tu."

Ndiyo ile hospitali iliyokuwa haipokei simu. Safari hii Metrine alitumia nambari ya ndani ya wodi, na mlio wa kwanza haukuisha. Aliyepokea alijitaja kuwa Muuguzi Dorcus. Nelvine alijitambulisha, akaweka simu kwenye spika, akauliza juu ya mgonjwa aliyekuja na gambuti moja.

"Asante Yesu," Dorcus alisema. "Mmekuja. Mimi nimengoja mtu amuulizie tangu Alhamisi. Nilimwingiza kwa mfumo siku hiyo hiyo, nikajua jamaa zake wataona. Anaongea wapi, taya imefungwa waya. Na kichwa kilikuwa kibaya, jana ndiyo amefungua macho."

"Ni nani alimleta?"

"Ni ndugu yangu. Alikuwa anatoa mbegu ya viazi Molo, akapitia huko Kaplong kushukisha zingine. Nilimgombeza sana kwa kupita hospitali zote za njiani. Akaniambia, huko sijui mtu, wataniuliza maswali mpaka huyu afe. Nikaona nimlete kwa dada."

Nelvine alifumba macho kidogo, kisha akayafungua. "Muuguzi, anaweza kusikia?"

"Anasikia."

"Mkono wa kushoto unafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Mshike huo mkono. Mwambie akubane vidole mara moja kwa hapana, mara mbili kwa ndiyo. Unirudishie jinsi ilivyo, usiongeze kitu."

Walisikia kiti kikiburutwa, kisha Dorcus akieleza polepole.

"Haya, uliza."

"Mwulize kama yeye ni Kipngeno, mume wa Chelangat."

Dorcus alirudia swali.

"Mbili. Madam, analia."

"Mpe muda." Nelvine alihesabu pumzi tano. "Mwulize, kuna mtu alimsukuma bondeni?"

"Moja."

"Kuna mtu alimpiga?"

"Moja. Kwa nguvu."

"Aliteleza?"

"Mbili."

Hakutaka kumwekea maneno mdomoni, kwa hiyo kabla ya jina alilolitaka akatanguliza mengine. "Nitataja watu watatu. Mwulize ni nani alimbeba hadi barabarani. Ni Kipkurui?" Hilo lilikuwa jina la jirani wa upande wa juu.

"Moja."

"Ni dereva wa pikapu?"

"Moja."

"Ni Obure?"

Safari hii Dorcus alichelewa kujibu. Metrine alikuwa amekunja mikono kifuani, kama anayesali.

"Mbili?" Nelvine aliuliza.

"Sijui nihesabu vipi, madam. Ameshika. Anabana tu, hataki kuniachilia."

Dorcus alituma picha, akatuma na taarifa ya mgonjwa yenye muhuri wa hospitali. Metrine akaipatia Darubini ombi la mwisho, akachapa mstari wa D-0312 pamoja na orodha ya maombi yote na saa zake. Nelvine akaweka sahihi kwenye kila ukurasa kama alivyoahidi. Alipokuwa akitoka alitaka kusema jambo, akaishia kumshika Metrine bega.

"Nenda," Metrine alisema. "Nenda, utachelewa."

Kortini alimkuta kiongozi wa mashtaka kwenye ngazi, akampa asome karatasi wakiwa wamesimama. Chelangat alikuwa kwenye benchi la nje akiwa amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba. Nelvine alichuchumaa mbele yake.

"Mama Kiplimo, tazama hii picha. Usiogope. Amefungwa bendeji nyingi."

Chelangat alichukua simu kwa mikono yote miwili. Kidole chake kiligusa sikio la mtu yule pichani, chini ya bendeji, mahali fulani alipopajua yeye peke yake.

"Ni mzima?"

"Ni mzima. Na ameniambia ni nani alimwokoa."

Mbele ya hakimu jambo halikuchukua hata dakika kumi. Ombi liliondolewa, hakimu akamwuliza Obure kama ana la kusema, Obure akasema anaomba maji ya kunywa. Alipotoka nje bado alikuwa ameshika suruali kwa mkono, maana mshipi ulibaki kituoni. Watu wa kijijini waliokuwa wamekuja kusikia akipelekwa rumande walimpisha njia, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Chelangat hakutazama chini. Alikwenda akasimama mbele yake.

"Baba Nyaberi, nilikuita muuaji. Niliita mbele ya watu."

"Ulikuwa unatafuta mume wako."

"Ungemwacha pale, angekufa."

"Ningemwachaje?"

Chelangat aliushika mkono wake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa vidole vya Obure. "Kongoi," alisema. "Kongoi mising." Aliirudia asante hiyo mara nyingi, kwa Kipsigis, kama hakuna lugha nyingine ingetosha. Obure alisimama akiuacha mkono mikononi mwake, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Twende, mama," alisema mwishowe. "Mulot ni mbali, na yeye anangoja."

Nelvine aliwafungulia mlango wa nyuma wa Land Cruiser, akamwagiza dereva apitie kituoni kuchukua mshipi. Gari lilipoondoka alibaki kivulini kando ya ukuta wa korti, akampigia Metrine.

"Ameachiliwa. Wako njiani kwenda kumwona. Metrine, nataka nikushukuru vizuri, si kwa haraka kama—"

"Kabla ya shukrani, madam." Sauti ya Metrine ilikuwa ya mtu aliyekuwa analia na amejifuta. "Tulipotafuta, tulitafuta D-0312 tu. Ulipoenda nikafungua lile jedwali lote. Ni watu waliolazwa bila majina, hospitali zote sita. Wengine tangu Machi."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Kuna mama mzee. Kuna msichana anajua tu jina la mbwa wao."

Nelvine alitazama umati ukitawanyika kuelekea barabarani. Kisha akakaa kwenye benchi, akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe na kuandika tarehe.

"Nisomee wa kwanza," alisema.